Kiwanda cha Gesi cha Biggar

Biggar ni mji mdogo wa kusini mwa Uskoti, na kiwanda chake cha gesi, kilichoanza kazi mwaka 1839, kilifungwa 1973. Gesi ya mji huo haikuchimbwa ardhini. Ilipikwa papo hapo kutokana na makaa ya mawe. Miji mingi ya Uingereza ilikuwa na kiwanda chake cha namna hiyo, mpaka gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini ilipovifungisha. Vingi vilivunjwa, vyuma vikauzwa chakavu, lakini cha Biggar kilihifadhiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu na chafu. Makaa yalitiwa kwa beleshi ndani ya mirija mipana iliyolazwa juu ya moto, midomo ikazibwa, joto likapanda hadi karibu nyuzi 1000. Kwa kukosa hewa makaa hayakuungua, bali yalitoa gesi ghafi. Gesi hiyo ilipozwa ili lami ijitenge, ikaoshwa ili kuondoa amonia, kisha ikapitishwa kwenye masanduku ya chokaa au oksidi ya chuma yaliyonasa hidrojeni salfidi yenye uvundo wa mayai viza. Koki iliyobaki mirijani ilitolewa ingali nyekundu, ikauzwa iwe nishati.

Gesi safi iliwekwa katika tangi mfano wa kikombe kilichofudikizwa ndani ya beseni la maji. Gesi ikiingia, tangi hupanda. Watu wakipika jioni, hushuka. Uzito wa tangi lenyewe ndio uliosukuma gesi hadi majumbani.

Kwa sura, Biggar haishindani na Vienna, ambako matangi manne ya miaka ya 1896 hadi 1899 yamebakiza kuta zake za matofali na ndani yake wanaishi watu. Huko King's Cross, London, fremu za chuma za matangi zilifunguliwa, zikakarabatiwa, na fleti zikajengwa katikati yake. Ni kazi nzuri, ila kilichookolewa ni ganda. Mitambo iliyopika gesi haipo. Biggar ina mirija, vipoozeo, visafishio na matangi, kila kimoja mahali pake, na mgeni anaweza kuifuata njia ya gesi kwa miguu. Jumba la matanuri si la 1839, ni la 1914, jambo lisilopunguza thamani yake: viwanda hivi vilikarabatiwa kila mara.

Kuvitunza si rahisi. Chuma hupata kutu, na udongo wa viwanda vya gesi mara nyingi umelowa lami na sianidi, kwa hiyo wamiliki wengi huona nafuu kubomoa na kusafisha kiwanja.