Mlima Wataka Subira

Nchi yetu ya Bariadi ni tambarare, nchi ya pamba na ng'ombe. Kijana wa huku asikiapo habari za Kilimanjaro, kilele alichosimamisha bendera na mwenge Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, hudhani kuwa miguu iliyozoea jembe na jua yatosha kumfikisha. Wazazi, dhana hii yafaa kusahihishwa kabla mtoto hajafunga safari, kwani mlimani nguvu si kinga.

Mlima huo una urefu wa mita 5,895. Njia ya Marangu huanza msituni. Ukipita kambi ya Mandara, iliyo mita 2,720, msitu hukoma, na msafiri hutokea kwenye uwanda mpana wa nyasi na vichaka, wenye ukungu na baridi. Huko huota senesio, ambayo shina lake hujivika majani yake makavu kama blanketi, na lobelia, ambayo usiku hufumba majani kulihifadhi chipukizi lisigande. Mwenye kuzingatia ataona jinsi Muumba alivyokipa kila kiumbe vazi la mahali pake.

Katika uwanda huu ndipo yampasa msafiri kukawia. Kadiri apandavyo, hewa huwa nyepesi. Kileleni kila pumzi huwa na karibu nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Mwili huizoea hali hiyo kwa siku kadhaa, wala haulazimishwi. Alalaye siku mbili kambi ya Horombo, mita 3,720, mchana akapanda kidogo na jioni akarejea, hujitayarisha vyema kuliko aendaye moja kwa moja hadi Kibo, mita 4,720.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo: asipande zaidi mpaka apate nafuu. Lakini akipepesuka, akipayapaya, au akihema hali ameketi, ateremshwe papo hapo, hata ikiwa usiku wa manane. Kushuka ndiyo dawa ya kwanza. Kungoja asubuhi kwaweza kumwua. Wako waonao haya kusema mbele ya wenzao, au wahurumiao fedha walizokwisha kulipa. Mwili ni amana, na kuficha ugonjwa si ushujaa.

Sala nayo haiachwi. Maji ya huko ni baridi mno. Mwenye kuchelea madhara ya kweli, na asiyepata njia ya kuyapasha moto, ana ruhusa ya kutayamamu.

Basi wazazi, kabla ya kutoa idhini mwulizeni kijana mambo matatu: atakaa mlimani siku ngapi, kiongozi wake ana kibali cha hifadhi, na je, yu tayari kurudi akiambiwa arudi? Akisitasita katika hilo la tatu, na angoje mwaka mwingine.

Wabillahi tawfiki.