Pombe ya ndizi nyumbani: tuunde pipa lenye koki wenyewe au tununue?

Swali hili lililetwa kwenye kipindi chetu cha asubuhi na mama mmoja wa Nyakisasa. Binti yake anaolewa, migomba ya pombe ipo ya kutosha, na kikundi chake cha kuweka na kukopa kimemkopesha fedha. Shemeji yake anamshauri achonge mtumbwi mpya wa kukamulia na pia atoboe pipa na kulifunga koki, ili wageni wachotewe rubisi kwa utaratibu. Mwanawe aliyeko Ngara mjini anamwambia anunue kila kitu dukani. Mama akatuuliza: "Ninyi watu wa redio, nani ana haki?"

Siku hiyo tulimjibu kwa dakika mbili, halafu simu zikaendelea kuingia kutoka Rulenge, Kabanga na hata Nyakahura upande wa Biharamulo. Kumbe jambo hili linawagusa wengi. Ndiyo maana tumeliandika hapa, ulisome kwenye simu yako kwa nafasi.

Kwanza tutenganishe mambo. Wengi waliotupigia walikuwa wanachanganya kazi tatu tofauti: kukamua, kuchachusha na kugawa. Kila kazi ina chombo chake, na si lazima vyote vitatu uviunde au vyote uvinunue.

Kazi ya kukamua unaijua. Ndizi za pombe, kama mbire au kisubi, zinavundikwa siku kadhaa kwenye shimo lenye joto na majani ya migomba, au juu ya jiko, hadi ziive. Zinawekwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, zinakanyagwa au kuvurugwa hadi zitoe maji, na nyasi hizohizo zinasaidia kuchuja. Wahaya huuita mtumbwi huo obwato, na majirani zetu wa Burundi huuita umuvure. Juisi inayotoka huongezwa maji kidogo na mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa. Baada ya siku moja au mbili ni pombe. Kabla ya mtama ni kinywaji cha watoto. Baada ya hapo watoto wakae mbali.

Kwa kazi hii ya kukamua, sisi tunaona mtumbwi wa mti bado hauna mpinzani. Hautelezi, unabeba mikungu mingi kwa mara moja, na ukitunzwa unarithiwa. Lakini hiyo haina maana kwamba kila mtu achonge wake. Mti mnene wa kutosha hauko tena nyuma ya kila nyumba, na fundi mwenye shoka na tezo anakaa nao siku kadhaa. Kama mti si wa shambani kwako, kuna suala la kibali. Tafadhali, asikudanganye mtu kwenda kutafuta gogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Tangu mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yamekuwa hifadhi ya taifa. Gogo la kutoka huko linaweza kumfikisha baba wa harusi mahakamani.

Kwa anayepika mara moja au mbili kwa mwaka, jibu letu ni fupi: azima. Mtumbwi wa jirani unaokaa bure miezi kumi utafurahi kulowa. Ujaze maji usiku wa kuamkia siku ya kukamua ili mbao zivimbe na nyufa zijifunge, kisha uusugue na kuusuuza vizuri. Ukiurudisha, uurudishe na kidumu cha pombe, hiyo ndiyo kodi yake. Anayepika kila wiki kwa biashara na ana mti wake mwenyewe, huyo achonge.

Kuchachusha ndiko kwenye hatari, na hapa tunaomba usome taratibu.

Wazee walichachushia kwenye mtumbwi uleule au kwenye vyungu. Mbao za zamani huhifadhi chachu kwenye vinyweleo vyake, ndiyo maana pombe ya kwenye mtumbwi wa siku nyingi huanza kuchemka mapema. Tatizo ni kwamba vijidudu vinavyogeuza pombe kuwa siki hujificha humohumo. Kwa hiyo watu wengi sasa wanahamishia juisi kwenye mapipa ya plastiki. Ni sawa kabisa, ila uliza swali moja kabla ya kuuliza bei: pipa hili lilibeba nini?

Sisi wenyewe tuliwahi kuumia. Mwenzetu wa hapa studio alinunua pipa la buluu mnadani, zuri, halina hata mkwaruzo, kwa ajili ya sherehe ya kumtoa mtoto nje. Muuzaji aliapa kwamba lilikuwa la mafuta ya kula. Tuliliosha kwa sabuni, kwa maji ya moto, kwa majivu. Pombe ilipoiva ilikuwa na harufu ya dawa ya kunyunyizia kahawa. Lita zote zilimwagwa shimoni, wageni wakanywa soda, na mama mkwe mpaka leo hajasahau.

Plastiki hunywa kile kilichowekwa ndani yake na kukirudisha polepole, hasa kwenye kitu chenye uchachu kama rubisi. Kuna jaribio rahisi: weka maji ya moto ndani, funga, acha usiku kucha, asubuhi fungua na unuse. Ukisikia harufu yoyote, liache liwe la maji ya kufinyangia matofali. Hata hivyo, zipo sumu zisizo na harufu, kwa hiyo pua pekee haitoshi kwa pipa usilojua historia yake. Pipa lililobeba viuatilifu, mafuta ya taa au kemikali za viwandani halisafishiki, hata ulioshe mara ngapi. Nunua lililobeba chakula na lenye lebo yake, au jipya lililoandikwa kwamba ni la chakula au maji ya kunywa.

Mapipa ya chuma tunayakataa moja kwa moja. Uchachu wa pombe hula chuma na kukiingiza kwenye kinywaji. Kule Afrika Kusini na Zimbabwe, madaktari waliona kwa miaka mingi watu waliojaa madini ya chuma kwenye ini, na chanzo kimojawapo kilikuwa pombe ya kienyeji iliyochachushwa kwenye mapipa ya chuma. Vyombo vya bati lenye zinki navyo vivyo hivyo. Zinki ikiingia kwenye pombe inaweza kuwafanya wanywaji watapike wote kwa pamoja, halafu mtu asingiziwe uchawi.

Na unga usisahaulike tunapohangaika na vyombo. Mwezi Januari mwaka 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, zaidi ya watu 70 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni ilisemekana imetiwa sumu ya mamba. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha sumu iliyotokana na bakteria, na unga wa mahindi uliokuwa umeharibika ndio ulioshukiwa kuileta. Mtama uliolowa, uliopata ukungu au kubadilika rangi usiuokoe kwa kuukaanga. Utupe mbali na mifugo.

Sasa tufike kwenye koki, ambayo ndiyo ilimleta mama wa Nyakisasa.

Kijana mmoja wa Kabanga alituuliza kama anaweza kununua mtambo kama ule wa baa za mjini, ambapo bia inatoka kwenye bomba la kaunta. Tulimweleza hivi. Pipa la bia ya baa limefungwa kabisa. Kuna mtungi wa gesi ya ukaa unaoisukuma bia itoke, na gesi hiyohiyo inazuia hewa isiiguse. Kuna ubaridi, hivyo kuna umeme, na kuna mirija inayopaswa kusafishwa mara kwa mara. Bia yenyewe ilishamaliza kuchachuka na imechujwa. Rubisi bado inafanya kazi tumboni mwa chombo na ina mashapo ya mtama na nyuzi za ndizi. Mashapo yataziba mirija, na gesi yake yenyewe, ikikosa pa kutokea, itatafuta njia. Aliyewahi kufunga kidumu cha rubisi kwa nguvu na kukipakia kwenye bodaboda juani anajua tunachosema. Usifunge kabisa pombe inayochachuka.

Kwa hiyo koki ya nyumbani ni kitu rahisi zaidi: ndoo au pipa, mfuniko usiobana, na koki chini. Na hapa kweli unaweza kuchagua.

Ndoo za lita 20 zenye koki zilienea sana mwaka 2020, wakati wa corona, kwa ajili ya kunawa mikono. Bado zinauzwa madukani, na nyingine zimelala stoo za makanisa na shule. Ukinunua mpya, kazi ya kutoboa na kuzuia kuvuja imeshafanywa. Kasoro yake ni koki kukaa chini sana, kwa sababu ilikusudiwa maji. Kwa pombe, mashapo yatatoka na glasi ya kwanza. Dawa yake ni kuinua kidogo upande wa koki kwa kipande cha ubao, mashapo yaende nyuma, halafu usiiguse ndoo hadi iishe.

Ukiunda mwenyewe, unaamua koki ikae wapi. Sisi tungeiweka vidole vinne kutoka chini. Mwombe fundi atoboe kwa drili. Msumari uliochomwa moto unaacha tundu lisilo la duara, na litavuja tu. Weka washa ya mpira ndani na nje, kaza kwa mkono, jaza maji, acha usiku kucha juu ya kadibodi. Kadibodi ikilowa, rudia. Nunua koki ya plastiki ya maji ya kunywa. Zile za shaba zinavutia, lakini baadhi zina risasi ndani yake, na uchachu wa pombe unaitoa.

Kati ya hizo mbili, ipi nafuu? Piga hesabu yako bila kusahau nauli. Ndoo, koki, washa, fundi, na safari mbili za kwenda Rulenge kwa sababu koki ya kwanza haikuenea: mara nyingi tumeona ndoo ya kujiundia inaizidi ile ya dukani. Kuunda kunalipa pale ambapo tayari una ndoo safi ya chakula na fundi ni wa nyumbani. Kama unakopa ili uunde, nunua.

Ila ukubwa wa chombo unatushughulisha kuliko bei. Shemeji yake mama yule alitaka pipa moja la lita 100. Kila glasi inayotoka chini, hewa inaingia juu kuchukua nafasi yake, na hewa ndiyo inayoamsha siki. Pipa likifika nusu saa sita mchana, lile litakalobaki hadi jioni litakuwa kali na chachu, na wageni wa mwisho, ambao mara nyingi ndio wakwe kutoka mbali, wanapewa mabaya. Ndoo tano za lita 20, zinazofunguliwa moja baada ya nyingine, zitatoa pombe nzuri hadi mwisho. Juu ya kila ndoo tandika kitambaa safi chini ya mfuniko, kwa sababu wale inzi wadogo wa ndizi hubeba vijidudu vya siki miguuni.

Baada ya sherehe, fungua koki yote, vipande vyote. Ndani ya koki ndimo uchafu unakolala na kusubiri pombe ya mwezi ujao. Osha kwa maji ya moto na sabuni, tumia kitambaa laini badala ya mchanga au steelwaya, maana mikwaruzo ni nyumba ya vijidudu. Kausha, hifadhi kivulini ikiwa wazi.

Kama unapanga kuuza, pita kwanza kwa mtendaji wa kata akueleze kuhusu leseni. Pombe za kienyeji ziko chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Na waliotuuliza kama pipa hilohilo linafaa kwa gongo, jibu ni hapana. Gongo ni kosa kisheria, na hatuwezi kukuelekeza.

Mama wa Nyakisasa alitupigia tena siku kumi baadaye. Mtumbwi ameazima kwa shemeji yuleyule. Amenunua ndoo mbili zenye koki, na tatu amezipata shuleni kwa ahadi ya kuzirudisha safi. Fedha iliyobaki kwenye mkopo amelipia turubai, kwa sababu harusi ni mwezi wa nne na mvua za Ngara anazijua.