Mali Bila Daftari

"Baba, mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Swali hilo bintiyangu aliniuliza wiki iliyopita baada ya sala ya isha, akinimiminia kahawa. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, na sasa harusi yake ni Mfungo Saba, inshallah. Nilimjibu kwamba mamake alikuwa mtu mwema, mcha Mungu. Maneno hayo husemwa matangani juu ya kila maiti. Msichana akanyamaza, akaondoa vikombe. Nami niliona haya, kwani harusi za watu nimezitungia mashairi yasiyo idadi, na mke wangu sijamwandikia hata ubeti mmoja.

Usiku huo usingizi haukuja. Nikatoa kabatini kitabu cha marehemu Shaaban Robert, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Wengi wetu twamjua bwana huyu kwa Kusadikika na Kufikirika, riwaya zinazopima haki na dhuluma za watawala. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akafariki 1962. Lakini tukumbuke pia kwamba tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, kazi ya daftari, ya kuandika kilichoingia na kilichotoka.

Katika kitabu hiki aliifanyia nyumba yake vivyo hivyo. Mkewe, Amina, alipotangulia mbele ya haki, alimlilia kwa shairi lenye jina lake, wala hakuona ni aibu mwanamume kuieleza huzuni ya nyumbani mwake. Bintiye alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, awafunze dini na mwenendo mwema.

Hilo si geni pwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, naye mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi ule mashuhuri. Yule alikuwa mama aliyeona safari yake i karibu. Huyu ni baba aliyebaki. Wajibu ni ule ule: mtoto asiachwe mikono mitupu.

Sisi wanaume twadhani kwamba mambo ya jikoni na chumbani hayastahili kalamu. Twaandika madeni, twaandika nyumba na minazi, na mirathi twaigawa kwa mafungu ya sheria hata thumuni ya mjane isipotee. Lakini kicheko cha marehemu na maneno yake twayaweka vichwani tu, na vichwa vyenyewe siku moja huzikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Je, iko mali kubwa kuliko hiyo?

Asubuhi yake nilinunua daftari la shule. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika kwamba mamake alikuwa akioka mofa kabla ya alfajiri, akiimba kwa sauti ndogo asiamshe watu; na kwamba vina vya mashairi yangu alikuwa akivikosoa, na mara nyingi haki ilikuwa yake. Ukurasa wa pili umenishinda. Wimbo wenyewe siukumbuki.

Nimeacha nafasi. Shangazi yake akija Ijumaa, nitamuuliza.