Motokari mupya ao okazioni? Tazama kwanza kontra yako

Kila mara mushahara unapopanda kidogo kisha mazungumzo ya sendika na kampuni, delege anaulizwa maswali mawili. La kwanza linaulizwa mbele ya watu wote: feza itaingia banki siku gani? La pili, mutu anakuvuta pembeni: «Delege, niko nataka motokari. Nikamate mupya kwa deni, ao nitafute okazioni?» Kuna wenye wanasema hiyo haiko kazi ya sendika. Mimi naona ni kazi yetu kabisa. Ukiondoa nyumba, motokari njo kitu cha bei kubwa kupita vyote vyenye mufanyakazi wa mugodi ananunua katika maisha yake, na kisha kuinunua inaendelea kukula.

Nasema hapa juu ya motokari ndogo ya milango mine, yenye kofre nyuma: Corolla, Axio, Allion, Belta, Nissan Sunny na wenzake. Jeep na pick-up ziko na hesabu yazo.

Mbele ya kuongea bei, kuna ulizo lenye watu wanasahau: nani atatembea na hiyo motokari? Wengi wetu tunaenda kwenye mugodi na bisi ya kampuni. Motokari inabakia mbele ya nyumba muda wote wa zamu, kisha bwana anarudi, anaoga, analala. Wenye wanaihitaji kweli ni mama na watoto: masomo, hospitali, soko, kilio kwenye kata ingine. Basi mama awe kwenye meza tangu siku ya kwanza, si siku ya kuonyeshwa rangi tu.

Sasa kontra. Kode ya kazi ya mwaka 2002 inasema kontra ya muda maalum, ile tunayoita CDD, haiwezi kupita miaka miwili. Na kama mufanyakazi ameoa na ametenganishwa na jamaa yake, haiwezi kupita mwaka mumoja. Wengi wetu njo tuko hapo, tunatumika kwa kampuni ndogo zenye kukamata kazi ndani ya mugodi wa kampuni kubwa. Kampuni kubwa ikikata soko lao, hata fundi muzuri anarudi nyumbani.

Tuchukue mufano. Tuseme motokari mupya inaomba dola 20.000. Umeleta 5.000, banki inakukopesha 15.000 za kulipa kwa miezi 36. Hiyo ni zaidi ya dola 416 kila mwezi. Mutu wa mushahara wa dola 600 anabakia na 183: kodi ya nyumba, unga, minervali ya watoto, yote ndani. Na kama kontra yake ya miezi 24 inaisha siku moja na mwaka wa pili wa deni, anabakia na miezi 12 ya kulipa, dola 5.000, bila mushahara. Riba nimeiacha nje kwa kusudi. Ukiiingiza, hesabu inakuwa mubaya zaidi.

Banki inapenda mufanyakazi wa mugodi kwa sababu mushahara unapitia kwao. Inajilipa mbele wewe haujagusa kitu. Kode inaweka mupaka kwa sehemu ya mushahara yenye inaweza kukatwa, lakini ule mupaka haukusaidii kama umekwisha kusaini bila kusoma. Leta karatasi kwa delege mbele ya kusaini. Kuisoma inaomba nusu saa.

Motokari mupya iko na uzuri wake, sikatae. Unajua haijaumizwa, kilometa ni zako mwenyewe, kuna garanti. Mutu wa kontra bila mwisho, mwenye kutumika miaka mingi na kuwa na feza yake mukononi, anaweza kuinunua na kulala usingizi. Aulize tu garanti inaomba nini. Mara nyingi inaomba matengenezo yote yafanyiwe kwa muuzaji, na kama muuzaji iko Lubumbashi na wewe unakaa Kolwezi, ni kilometa karibu 300 za kwenda na 300 za kurudi kwa kubadilisha mafuta ya moteri. Kwa sisi wengine, nasema wazi: okazioni moja nzuri, yenye moteri ya kawaida, ya kulipa keshi. Hata kama ni kungojea zamu yako ya likelemba.

Motokari nyingi za okazioni huku Haut-Katanga na Lualaba zinatoka Japani. Zinashushwa kwenye bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinakata Zambia, zinaingia Kasumbalesa. Kule Japani motokari mupya inapitishwa kontrola kisha miaka mitatu, na kutoka hapo kila miaka miwili, na hiyo kontrola ni ya bei. Watu wengi wanaona heri kuuza na kukamata ingine. Njo maana motokari yao ya miaka kumi inaweza kuwa na moteri yenye afya kabisa.

Lakini kutoka kule mupaka hapa imepita katika mikono mingi. Kompteri ya kilometa inarudishwa nyuma kwa dakika chache na mutu mwenye kompyuta ndogo. Usisome kompteri, soma karatasi. Motokari zenye kuuzwa kwa mnada kule ziko na karatasi ya mnada: inapewa noti, 4 ao 3,5 na kadhalika, na herufi R inaonyesha kwamba iligongwa na ikatengenezwa. Kilometa zinaandikwa hapo, na mara nyingi zinaandikwa tena kwenye sertifika ya kuitosha Japani. Muuzaji akisema karatasi zilipotea njiani, mutazame macho, kisha tazama pedali ya freno na volani. Motokari ya kilometa 60.000 haiwezi kuwa na pedali yenye kulika mupaka chuma.

Tazama pia namba ya shasi. Za Japani ni fupi, haziko na herufi na namba 17 kama zile za Ulaya, na mwanzo wake unakuambia moteri. NZE121 ni Corolla ya moteri 1NZ, lita 1,5. ZZE122 ni Corolla ya 1ZZ, lita 1,8. Kwa Allion inakuwa NZT240, ZZT240, na AZT240 ya lita 2. Mimi nachagua ya NZ bila kufikiri mara mbili: iko na sheni, haiko na mukanda wa kubadilisha kila kilometa 100.000 hivi, na mafundi wetu wanaijua. 1ZZ za kwanza zilipata jina mubaya la kukula mafuta ya moteri. Ya lita 2 ya Allion za miaka ile, yenye kuandikwa D-4, inapiga esansi moja kwa moja ndani ya silinda na haipendi esansi chafu. Kwa esansi ya chupa yenye tunauziwa kando ya barabara, hebu fikiri mwenyewe. Axio za lita 1,5 nyingi ziko na bwati ya mukanda, yenye kuitwa CVT: ni tamu kuendesha na inakula kidogo, lakini inaomba mafuta yake ya pekee, na ikikufa kuitengeneza ni shida kubwa. Ukipata ya kubadilisha vitesi kwa mukono, usiiache juu ya majivuno.

Kuna jambo lingine lenye halionekani kwa macho. Corolla nyingi za kutoka karibu 2001 mupaka miaka iliyofuata ziliwekewa erbagi za kampuni ya Takata. Ile erbagi, kisha miaka mingi katika joto na unyevu, inaweza kupasuka na kutupa vipande vya chuma kwenye uso wa shofere badala ya kumukinga. Watu walikufa katika inchi mbalimbali, mamilioni ya motokari yakaitwa garaji, Takata yenyewe ikaanguka mwaka 2017. Zile zenye ziliuzwa nje mbele ya kubadilishwa erbagi, hakuna mutu aliyezifuata. Na namba ya shasi, uliza kwa muwakilishi wa marke kama kazi hiyo ilifanywa. Kama motokari haijafanyiwa, ipunguze kwenye bei ao uiache.

Sasa volani. Congo tunatembea upande wa kuume. Japani, Zambia na Tanzania wanatembea kushoto. Serikali yetu ilitangaza zaidi ya mara moja kukataza kuingiza volani ya kuume, lakini kila mutu anaziona zimejaa Lubumbashi. Ndani ya muji unaweza kuzoea. Kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi ni hatari ingine kabisa. Umekaa upande wa mufereji, mbele yako kuna kamio la katodi, haioni kitu. Lazima utoe nusu ya motokari katikati ya barabara kwa kutazama kama kamio ingine inakuja. Ao unauliza bibi yako mwenye kukaa kushoto: «Nipite?» Naye anasema «Pita», juu hakuna mutu alimufundisha kupima mwendo wa kamio yenye inakuja. Tena taa za motokari ya Japani zinapinda kumulika kando ya barabara upande wa kushoto. Hapa kwetu kushoto ni upande wa mwenye anakuja, unamupofusha usiku.

Volani ya kushoto inapatikana. Zinatoka Ulaya na Dubai, bei iko juu kidogo. Uliza vizuri historia yake, kwa sababu zingine zilifika Dubai kisha kugongwa Marekani, zikapigwa rangi. Kama unatembea muji tu, nafahamu mutu mwenye kununua ya kuume. Kama kila mwisho wa juma unatoka Kolwezi kwenda kuona jamaa Lubumbashi, tafuta ya kushoto, hata kama ni ya miaka zaidi.

Siku ya kwenda kuiona, ondoka na fundi wako. Fundi wa muuzaji anatafutia muuzaji, na komisionere naye anapata kamisio yake tu kama umenunua. Fika asubuhi, ulizia moteri iwe baridi. Wakishaiwasha mbele ya wewe kufika, kuna sababu. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri. Moshi mweupe wenye hauishi ni maji. Inua tapi, weka pua: harufu ya maji yenye kuoza haifichwi na parfe. Pine ziko na namba ine za tarehe kwenye ubavu: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Pine zenye kungaa zinaweza kuwa za zamani kuliko kontra yako.

Na usimalize feza yote. Mwenye kuwa na dola 6.000 atafute motokari ya 4.800, ile 1.200 ibakie: pine, betri, amortisere, plaketi za freno, filtre ya hewa yenye itajaa vumbi la barabara zetu mbele ya wakati wake, asiransi, vinyeti, kontrola tekniki. Halafu esansi. Mutu mwenye kwenda mugodini kilometa 30 na kurudi, siku 22 kwa mwezi, anatembea kilometa 1.320. Kwa lita 7 kwa kilometa 100, ni lita 92. Bisi ya kampuni ni ya bure.

Wenye wanapokea dekonti ya mwisho wananiuliza juu ya taksi. Wazee wanakumbuka: mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines katika operesheni ya kuondoka kwa mapenzi, na wako wenye waliingiza feza yao ndani ya motokari ya taksi. Sisemi taksi haileti kitu. Nasema dekonti ni mushahara wa miezi yenye hautatumika, na motokari moja ikiigongwa kwenye rompuwe, miezi hiyo imekwisha. Mwenye anataka kweli, aendeshe mwenyewe mwaka wa kwanza, ajue verseme ya kila siku ni ngapi na rulaji inakamata ngapi, mbele ya kumupa shofere.

Karatasi ziko za mwisho lakini si ndogo. Karte roze ibadilishwe kwa jina lako mwezi uleule, usitembee na jina la muuzaji. Akti ya kuuza isainiwe na mashahidi wawili, na mama awe mumoja wao. Mutu akikufa mugodini, ndugu zake wanafika mbele ya jeneza kuuliza funguo, na mjane mwenye hana hata kopi moja anashindwa kusema kitu. Muachie kopi nyumbani. Ingine ilete kwenye biro ya sendika, tuiweke kwenye dosiye yako pamoja na kontra.