Mahbuba wa Washairi na Mabinti wa Nyanza

Katika nyimbo za huba ziimbwazo Kisumu na kandokando ya Ziwa Victoria, tangu Asembo na Seme hata Karachuonyo, mwanamke asifiwaye ni nadra kuachwa bila ya kwao: huitwa kwa Kijaluo nyar Alego, nyar Gem, nyar Ugenya, yaani binti wa nchi fulani, na sifa ya sura yake hufuatana na sifa ya baba yake, ndugu zake na nyumba iliyomlea. Mwimbaji wa nyatiti, aketiye kigodani na kuchezesha nyuzi 8 huku akigonga ubao kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu, hukatizwa na msikilizaji atoaye fedha ili wimbo usimame, naye apate kujisifu na kumsifu mpenzi wake hadharani. Ada hiyo huitwa pakruok. Asifuye hivyo husema mbele ya watu ambao pengine wanamjua huyo binti, na sifa yenye mashahidi, kwa maoni yangu, ina heshima kuliko sifa itolewayo faraghani.

Mahbuba wa washairi wa Uingereza wa mwanzo wa karne ya 19 hakuwa na mashahidi kama hao. Mwaka 1814 Byron alimwona bibi mmoja karamuni mjini London, amevaa nguo nyeusi za msiba zenye vimetameta, akamtungia shairi linalomfananisha na usiku usio na mawingu. Shairi hilo ni latifu mno, nami nalipenda. Lakini ndani yake bibi hana jina, hana jamaa, wala hasemi neno. Keats naye, mwaka 1819, alimtunga bibi wa ajabu ambaye uzuri wake ulimteka askari wa farasi ukamwacha amedhoofika, akitangatanga peke yake ukingoni mwa ziwa.

Nyandiwa, upande wa Gwassi, husimuliwa habari iliyo kinyume cha hiyo. Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara, alivuta wavu wake akakuta mwanamke mkongwe mwenye sura ya kuchukiza, akamchukua nyumbani, na tangu siku ile zizi lake likajaa ng'ombe. Hata alipolewa utajiri na pombe akamtukana, bibi yule akashika njia ya ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Uzuri wa uso haukuwa na sehemu yoyote katika baraka ile.

Aliyelileta shauri hili la uzuri na sifa katika tungo za zama zetu ni Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, ambaye lugha ya kwao ni ndugu wa Kijaluo. Wimbo wake wa Lawino ulichapishwa Nairobi mwaka 1966, kisha yeye mwenyewe akaja kufanya kazi Kisumu, na mwaka 1968 akaandaa huko tamasha la sanaa. Lawino ni mke aliyedharauliwa, ambaye mumewe Ocol amemfuata Clementine, mwanamke wa poda na midomo iliyopakwa rangi nyekundu. Naye, badala ya kungoja mshairi amsifu, ajisifu mwenyewe, akitaja chale zake, mafuta ya mwilini, shanga na uhodari wake katika ngoma, na kukataa kwamba uzuri wa mwanamke wa Kiafrika upimwe kwa nywele za mwanamke wa Kizungu. Neno hilo laweza kuwagusa sana Wajaluo wa Nyanza, ambao wazee wao waling'olewa meno 6 ya chini na kuyahesabu mapengo hayo kuwa pambo, ilhali wajukuu waliosoma misheni waliyaonea haya.

Hata hivyo Lawino ni mkali, na aliyemtia maneno kinywani ni mwanamume. Clementine adhihakiwa tangu nywele hata kifua, wala hapati nafasi ya kusema kwa nini alichagua poda ile. Mwaka 1970 Okot alimpa Ocol wimbo wake wa kujibu, Clementine hakupewa.