Fahamu: Nyumba inavyogusa mwili na akili

Usiku wa Juni mjini Mbalizi, karibu na Mbeya, chumba cha bati kisicho na dari hugeuka friji. Mchana jua likiwaka, bati hilohilo linachoma. Ukuta mnene wa udongo hutunza joto la mchana na kuliachia usiku, mtu akalala vizuri. Ukuta wa tofali za kuchoma nao hutunza joto, ila tatizo lake ni kuni zinazoteketea tanurini.

Hata jengo kubwa linaweza kutulizwa joto kwa ujenzi wenyewe: Eastgate, jengo la Harare lililokamilika 1996, liliiga kichuguu ili hewa izunguke bila viyoyozi vya kawaida.

Na akili? Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kuwa wagonjwa wa upasuaji Marekani waliotazama miti dirishani waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta. Kwa hiyo fundi akitaka kupunguza dirisha kwa hofu ya wezi, mwambie aweke nondo badala yake.