Taya la Mtoto Linapovimba

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama za watoto, leo ukurasa wetu unaacha kidogo kofia ya chuma na vumbi la mawe. Tunataka kusema juu ya yule anayebaki nyumbani wakati baba yuko kazini.

Mtoto wa miaka mitano, sita ao saba anaamka shavu limevimba. Hana homa kubwa, wala halii sana. Jamaa wanasema ni jino. Jino linang'olewa, dawa inapakwa, juma moja linapita, na la pili. Uvimbe unazidi. Meno mengine yanalegea, pengine jicho linaanza kusukumwa nje. Kwa watoto wengine ni tumbo ndilo linalovimba. Huo si ugonjwa wa meno tena. Unaweza kuwa kansa inayoitwa limfoma ya Burkitt, ambayo inashika watoto katika nchi za joto, mvua na mbu. Kindu ni nchi ya namna hiyo, Kasuku na Mikelenge sawa na Alunguli ng'ambo ya mto.

Burkitt ni jina la daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote nne. Siku si nyingi baadaye, akiwa Jinja, alitazama dirishani akaona mtoto mwingine wa namna ileile. Mtu mwingine angepita tu. Yeye aliandikia hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 alipanda gari kuukuu la Ford pamoja na waganga wenzake wawili, wakasafiri maili 10,000 kwa majuma kumi, wakiuliza kila hospitali: mmeona watoto hawa? Jibu lilikuwa wazi. Katika nchi za chini zenye joto, ndiyo. Juu milimani, hapana. Ramani yake ilifanana sana na ramani ya malaria.

Mwaka 1964, huko London, watafiti Epstein, Achong na Barr walikuta virusi mpya ndani ya vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda kwa ndege. Lakini virusi hiyo karibu watoto wetu wote wanaipata wakiwa wadogo, kwa mate, na karibu wote wanaendelea na afya yao. Basi kitu gani kinageuza seli ya mtoto mmoja kuwa kansa?

Jibu liko katika jeni iitwayo MYC. Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, na jeni zimepangwa juu yake kama mawagoni ya treni. MYC iko kwenye kromosomu ya 8. Inatengeneza protini inayoitwa Myc, na kazi ya protini hiyo ni ya kapita: seli inapotakiwa kugawanyika, yeye anaita, na jeni nyingine nyingi zinaanza kazi. Lakini kapita huyu hakai. Kwa kawaida protini ya Myc inavunjwa ndani ya nusu saa hivi, na pasipo amri mpya, seli inapumzika.

Sasa, kuna seli za damu zinazotengeneza kingamwili, silaha za mwili. Ili kupata silaha ya kila ugonjwa, zinakata jeni zao wenyewe na kuziunga upya. Ni kazi ya hatari, kama kukata waya wenye umeme. Malaria inayorudi mara kwa mara inazisukuma kukata na kuunga bila kupumzika, na ile virusi inasaidia seli iliyoharibika isife. Siku moja kipande cha kromosomu ya 8 kinaungwa mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Sisi wa Kindu tunajua treni: ni wagoni lililofunguliwa kwenye gari moja na kufungwa nyuma ya injini nyingine. MYC imekuwa jirani ya jeni za kingamwili, ambazo katika seli hiyo hazilali. Kapita anaita mchana na usiku. Watafiti walilionyesha jambo hilo mwaka 1982. Uvimbe unaweza kukua mara mbili kwa siku moja ao mbili tu, na ndiyo sababu juma la kungojea ni refu mno.

Kosa hilo lilitokea katika seli moja ya mtoto huyo. Hakulirithi kwa baba wala kwa mama, na hawaambukizi ndugu zake wanaolala naye. Bibi asilaumiwe na wakwe, wala msipoteze siku kumtafuta mchawi.

Mwendo huo wa mbio ndio pia udhaifu wa kansa hii, kwa sababu dawa zinapiga seli zinazogawanyika. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukiyeyuka kwa siklofosfamidi. Leo, penye vifaa vyote, karibu watoto tisa kati ya kumi wanapona. Katika hospitali nyingi za Afrika ni wachache zaidi, kwa sehemu kubwa kwa sababu wanaletwa kwa kuchelewa ao wanaondolewa mapema.

Kwa hiyo uvimbe unaozidi siku kwa siku usichanjwe nyumbani. Mpelekeni mtoto hospitali, na mganga akitaka kukata kipande kidogo cha kutazama kwa darubini, mkubalieni. Chandarua nacho kitumike kila usiku, maana kupunguza malaria ni kupunguza ile kazi ya kukata na kuunga.

Dawa ikianza, mtoto abaki hospitali na apewe maji mengi kama mganga atakavyosema: uvimbe unayeyuka upesi hata mabaki yake yanaweza kuziba mafigo. Shavu linaweza kurudi sawa baada ya sindano za kwanza, na hapo wazazi wengi wanafunga mizigo. Msifanye hivyo. Seli zilizobaki hazionekani kwa macho, na zikirudi, mara nyingi zinarudi kwenye ubongo na uti wa mgongo.